Nilivyodai Kodi Mazikoni

Shuleni wananiita Mdai Maiti, na sina la kujitetea, kwa hiyo afadhali mkisikie kisa kwangu kabla hamjakisikia kwa Hamisi wa darasani kwetu, ambaye huongeza chumvi.

Bibi yangu ana nyumba Kariakoo, na chumba kimoja kapanga Bwana Kombo, kuli wa bandarini. Miezi mitatu hakulipa, kisha akatia kufuli akapotea, hata salamu hatumi. Bibi si mtu wa tamaa (wapangaji wanaodaiwa huwapikia uji), ila bati la chumba ninacholala lilikuwa linavuja, masika yamekaribia, na fundi hataki hadithi. Akanituma Buguruni kwa ndugu zake Kombo nikaulize kwa adabu. Hilo la adabu alilirudia, ananijua.

Nikakuta ua umejaa wanaume, jeneza katikati, wanawake ndani wanalia. Hapo ndipo nilipojiharibia: niliona haya kuuliza nani kafa, na tena nilishajijibu mwenyewe, kumbe ndiyo maana Bwana Kombo kanyamaza, nikakaa mkekani nyuma kabisa, nimekunja uso kama mfiwa.

Kabla jeneza halijainuliwa maalimu akauliza, kama ilivyo ada, mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Kimya. (Huwa kimya, watu wana haya zao.) Nikasimama na kaptura yangu ya shule, nikasema kwa sauti ile ya kusoma mbele ya darasa, "Bibi yangu anamdai kodi ya chumba, miezi mitatu."

Vichwa vyote vikageuka, na cha aliyeinamia jeneza kilikuwa cha Bwana Kombo.

"Bwana mdogo," akasema taratibu, "huyu ni mama yangu, hajapata kupanga kwenu. Mdaiwa ni mimi, na sijafa bado."

Mzee mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

Kumbe miezi yote hiyo alikuwa akimuuguza mama yake, akaona haya kutuma salamu bila pesa. Baada ya maziko makuli wenzake wakamchangia, akanikabidhi kodi yote, nami nikarudi nyumbani kifua mbele. Bibi akauliza nimeipataje. Nikaeleza nusu, nusu ya pili akaitoa kwa kunitazama tu. Akaifunga ile pesa kwenye pindo la kanga, akasema, "Tangulia. Huo ni ubani wao." Nikarudi Buguruni, Bibi nyuma yangu, mkeka ule ule, watu wale wale, na yule mzee akaanza kukohoa hata sijaketi.

Bwana Kombo karudi chumbani kwake na analipa, na kila akilipa huniita kwanza: "Mdai, njoo unione, ni mzima." Mimi siku hizi nikikuta msiba nauliza jina la marehemu hata kama nimemwona akikata roho. Bati bado linavuja. Nimeomba kuhamisha kitanda, Bibi kakataa.