Majina ya Udugu wa Kikuba

Mwanangu, nakumbuka Jumapili moja ya baridi kule London. Umeniletea daftari lako jipya na kuniomba majina ya wasichana wote wa Udugu wa Kikuba, upate kuandika historia yetu. Nitakujibu, lakini kwanza kaa kitako unisikilize.

Mimi si mtu wa kubabaishwa na karatasi. Niliondoka hapa Unguja mwaka uliofuata mapinduzi, na sanduku moja la mbao, sina mjomba wala shangazi Ulaya. Mchana nilipiga chapa katika ofisi ya wakili, jioni nikasoma, na stashahada yangu ya uhazili niliipata kwa alama za juu kuliko darasa zima, Waingereza wenyewe wakiwamo. Ile pale ukutani. Nyumba hii nayo nimeijenga kwa jasho langu. Nayasema haya ujue kwamba kosa nililolifanya halikuwa la mjinga. Lilikuwa kosa la mtu hodari, na mtu hodari hakuna anayemkagua.

Udugu wetu ulianza mimi nikiwa bado mdogo. Mwalimu mmoja wa kike aliwakusanya wanafunzi wake katika chumba cha juu cha nyumba yake, Mji Mkongwe. Kila msichana aliyeingia alikuja na ua lake, likafungwa pamoja na ya wenzake kuwa kikuba, lile shada dogo la kunukia tunalovaa kifuani. Tangu siku hiyo aliitwa kwa ua lile. Mimi nilikuwa Mrehani. Rafiki yangu Salma alikuwa Mkadi. Tulivaa mshipi mweupe begani, tukala yamini kwamba dada akiumwa tutamuuguza, akizaa tutamshonea mtoto wake nguo, na jina lake halisi hatutalitaja mbele ya asiye wa udugu. Hilo la mwisho nililiona mchezo wa kitoto. Majina halisi yalikuwa katika daftari moja tu, nalo alilishika Bi Zuwena, mkubwa wetu.

Baada ya mapinduzi chama chetu kilinyamaza. Baadhi ya walezi wake walikuwa wake za wakubwa wa serikali iliyoondolewa, na hakuna aliyetaka kukumbushwa hilo. London tulijikuta sita. Kila Jumapili tulikutana Kilburn, katika chumba alichopanga Bi Zuwena, tukapika pilau huku tumefunga mlango na kuziba chini kwa taulo, mwenye nyumba asije akalalamikia harufu. Siku moja wakaniambia, "Mrehani, wewe ndiwe msomi. Tuandikie historia yetu, watoto wetu waijue." Hawakuniambia mara mbili.

Niliandika miezi miwili. Nilikumbuka nani alikaa wapi, binti wa nani, alisoma shule ipi. Nikaorodhesha majina yote hamsini na moja, la halisi na la ua, na kila mmoja yuko wapi sasa. Nikapiga chapa bila kukosea herufi, nikatoa nakala ishirini kwa mashine ya ofisini, wakili mwenyewe akinisifu.

Jumapili ile nikamkabidhi Bi Zuwena nakala ya kwanza. Akavaa miwani, akasoma huku akicheka. "Ala! Hata siku mshipi wangu ulipofunguka mbele ya wageni umeiweka! We mtoto huna haya!" Kisha akafika kwenye orodha. Akafunua ukurasa, akafunua wa pili. Kicheko kikamkatika.

"Haya umeyapata wapi?"

"Kichwani mwangu, Bi Zuwena," nikasema, kifua mbele.

"Daftari nililichoma mimi." Alizungumza polepole. "Jikoni kwangu, karatasi moja moja, wiki ile ile ya mapinduzi. Tazama mkono." Ulikuwa na kovu nililolizoea bila kuliuliza. "Nililichoma ili asije mtu akamwita mtoto wa mwenzangu akamwuliza: mlikuwa nani na nani, mkisema nini, kwa nini mlificha majina? Na wewe umekaa hapa na hita miguuni, umeyafufua yote. Waliobaki kule ni wangapi, msomi?"

Walizidi thelathini.

"Nakala zote ziko hapa?"

Moja haikuwapo. Ijumaa nilimpa nakala moja dada muuguzi wa kwetu aliyekuwa akirudi Unguja, amfikishie Salma kama zawadi. Niliitia katika bahasha, jina kamili la Salma juu yake kwa herufi kubwa. Muuguzi yule alipanga Southall, mbali na Kilburn, na ndege yake ilikuwa ya Jumapili hiyo hiyo.

"Sasa umekaa nini? Inuka!"

Nilibadilisha mabasi matatu, na mabasi ya Jumapili kule hayana haraka. Kila taa nyekundu niliiona imewekewa mimi. Nilikuwa nikijaribu kuyasahau yale majina, moja moja, na kila nikijaribu yalizidi kuja, kwa mpangilio ule ule niliouchapa.

Mwenye nyumba alikuwa mama wa Kisingasinga, mzaliwa wa Nairobi. "Pole dada, umechelewa," akanijibu kwa Kiswahili. "Bwana wangu amempeleka uwanja wa ndege sasa hivi tu. Mizigo yake ilikuwa mingi, ameacha vitabu."

Nikaomba kuviona. Tukapiga magoti sote wawili chumbani, tukakung'uta kitabu kimoja baada ya kingine. Bahasha haikuwamo.

"Ni barua ya mapenzi?" akaniuliza kwa upole.

"Ingekuwa afadhali, mama."

Bi Zuwena alizichoma nakala kumi na tisa, pamoja na karatasi zangu za asili, ndani ya sinki. Salma hakuniandikia, nami sikuthubutu kumwandikia kumwuliza, maana barua yenyewe ikikamatwa ingemletea maswali mengine. Nikaishi hivyo miaka, napandishwa cheo kazini, nalala na majina hamsini na moja.

Niliporudi nyumbani, kwanza nilikwenda kwa Salma. Mkobani nilitia picha yangu ya siku ya kupokea stashahada, nimwonyeshe.

"Ilifika," akaniambia. "Niliisoma mara moja nikaitia motoni. Lakini bahasha ilikuwa imeshafunguliwa. Nani kaifungua, mpaka leo sijui. Mlango ukigongwa nilikuwa nashika moyo. Wakanipa ualimu mkuu, nikaukataa, kwa sababu fomu ilitaka kila chama nilichowahi kuingia. Nikificha, labda wanayo nakala. Nikisema, ninawataja nyinyi." Akanimiminia chai. "Umeandika vizuri sana, Mrehani. Ila hukuniuliza."

Picha ile sikuitoa mkobani.

Mwanangu, andika. Usiache udugu wetu ufe na sisi wazee. Lakini jina la mtu ni lake, hata kama wewe unalikumbuka na ungeweza kuliandika bila kosa. Nenda kwa kila aliye hai, na siku ya kwanza usichukue daftari. Kaa naye, mwambie unataka kuandika nini na nani atasoma, kisha mwulize. Akikataa, mwandike kwa ua lake. Aliyekufa, waulize watoto wake. Itakuchukua muda mrefu, na iwe hivyo. Usidhani kwamba hatari imepita kwa kuwa wewe huioni. Anayeijua ni yule ambaye mlango wake unagongwa.

Langu nimekuruhusu, liandike kamili, na stashahada usiisahau. La Salma na la Bi Zuwena nimekutajia leo kwa sababu waliniruhusu. Mengine hutayapata kwangu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe subira ya kuuliza na moyo wa kungoja jibu, akusaidie kuwahifadhi dada utakaowaandika kuliko nilivyowahifadhi mimi, na kila mlango utakaoubisha, aliye ndani aufungue bila hofu.