Maji ya Bomba Kwenye Rejeta

Gari langu lilifika gereji ya Kingsbury, huku ughaibuni, likivutwa kwa kamba na jirani. Baridi ya usiku uliotangulia ilikuwa ya kukata maini, na asubuhi injini ilijaribu kuzunguka mara moja ikakwama. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao, huko Stanmore, na msimamizi alishasema: kama sina gari kufikia jioni, zamu zangu atapewa mwingine. Nimeihama miji mingi, Tanga, Mombasa, Maskati, na kote niliondoka kwa kutaka mwenyewe. Hapa, kwa mara ya kwanza, niliogopa kuondolewa.

Fundi, Muhindi mzaliwa wa Tanga, alifungua boneti akachungulia kwenye rejeta.

"Nani ametia maji humu?"

"Mimi," alijibu shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Muheza. "Kila asubuhi namjazia shemeji. Si ndivyo gari linavyotunzwa?"

"Na dawa ya kuzuia barafu iliyokuwamo?"

"Ile ya rangi? Niliimwaga. Nilijua ni kutu."

Fundi alinitazama mimi, si yeye. "Bwana wee, maji matupu hapa yanalala maji, yanaamka barafu. Barafu inavimba. Injini ikiwa imepasuka, tafuta gari jingine."

Akaweka hita chini ya injini, tukasubiri. Shemeji hakujua aweke wapi mikono.

"Shemeji," fundi alimwambia, "ukikaribishwa chai humu mjini, usije ukaimwaga ukidhani kutu."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza kumweleza mke wangu kwamba kazi imekwenda, na imekwenda kwa mkono wa mdogo wake.

Barafu ilipoyeyuka, fundi alifunga pampu yenye mshale wa kupimia hewa mdomoni mwa rejeta, akasukuma hewa. Mshale ukapanda, ukasita, ukaanza kushuka. Chini ya gari maji yakadondoka. Fundi akajilaza sakafuni na tochi, kisha akatoka na kipande cha bati cha mviringo.

"Kizibo cha ubavuni mwa injini. Barafu imekisukuma nje. Huenda imetosheka na hiki, huenda chuma nacho kimepasuka. Bado sijasema salama."

Alipachika kingine, akasukuma hewa tena. Tukainamia ule mshale watu watatu. Shemeji alikuwa akisoma dua chini kwa chini. Nilitaka kuuliza kitu, fundi akaninyamazisha kwa kidole. Mshale ulipanda, ukasimama. Ukaendelea kusimama.

"Haya," alisema hatimaye, akipangusa mikono. "Injini unayo."

Akatia dawa, nikawasha, injini ikaitika. Nikampigia msimamizi. Hakuuliza yaliyonipata, alinitajia tu nyumba ya kwanza, na kwamba mzee wa pale hapendi kucheleweshewa chakula. Nikamwambia nakuja.