Mfalme wa Tano

Nakumbuka siku moja ya miaka ya tisini, mwanangu, na ninaikumbuka kwa sababu ya mfalme wa karata. Nilikuwa kijana wa Shirere, hapo pembeni mwa mji wa Kakamega. Shule nilikuwa nimeiachia darasa la saba, lakini udadisi haukuniacha. Chochote nilichokiona kikifanya kazi, nilitaka kujua kinafanyaje.

Jioni tulicheza karata kwenye baraza ya kinyozi. Mchezo wetu ulikuwa ule wa ishirini na moja, ambao ninyi mnauita blackjack. Unaomba karata moja moja ukikaribia ishirini na moja, na ukipita, umekufa. Aliyeshindwa alienda kututekea maji. Mimi sikuteka sana. Nilikuwa nimegundua kwamba karata zilizochezwa zinawekwa kando mpaka pakiti nzima iishe, basi nikawa nakariri zilizopita. Kubwa zikipita nyingi, najua zilizobaki ni ndogo, naomba bila woga.

Mjini kulikuwa na chumba cha kufundishia kompyuta, cha mtu tuliyemwita Mwalimu Andati. Unavua viatu mlangoni, na ndani kila mashine imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama kochi la maharusi. Kompyuta ilikuwa kitu cha heshima siku hizo, siyo kama hizi simu mnazolala nazo. Nilisimama dirishani siku tatu. Siku ya nne mwalimu akaniita ndani.

"Humu kuna mchezo wa karata," akasema. "Cheza na mashine raundi nane. Ukiishinda, utasoma hapa bila ada."

Mwanangu, hakuna kitu nilichokitaka duniani kama kiti kile. Rafiki yangu Makokha alisimama nyuma yangu, nami nikahesabu kama nilivyozoea. Baada ya raundi saba tulikuwa sawa: mashine tatu, mimi tatu, na sare moja. Raundi ya mwisho nikapata kumi na sita. Wafalme wote wanne nilikuwa nimeshawaona wakipita, na kubwa nyingine nyingi pia. Nikaomba karata.

Akatoka mfalme, na mfalme ni kumi. Nimekufa.

"Mhesabuji ameumwa na mfalme!" Makokha akacheka mpaka akashika ukuta.

Mwalimu hakucheka. Aliniuliza taratibu, "Umeona nini hapo?"

"Nimeona wafalme watano, mwalimu. Mashine yako ni mwizi."

"Haya, keti basi uniulize imeibaje."

Sikuketi. Nilichukua viatu vyangu mkononi nikatoka, na kesho yake nikaenda Kabras kukata miwa. Ndivyo nilivyokuwa. Mahali pakinitia aibu, nahama.

Huko Kabras alitupikia mama mmoja, Mama Nekesa. Kila mchana alituandalia mahenjera, yale mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Siku moja nikaona wa mbele kwenye foleni wanapata mahindi karibu matupu, nikajirudisha nyuma, nikiamini maharagwe yamebaki kwenye sufuria. Mama Nekesa akaniona.

"Wee mtoto wa Shirere, unangojanga nini huko nyuma?"

"Maharagwe, mama. Mahindi yamepakuliwa mengi."

Akacheka. "Kila nikipakulia watu watano namwagia mengine humo ndani na kukoroga. Sufuria haikumbuki ulichoona!"

Nilisimama na sahani yangu kama aliyepigwa na jua. Mashine ilikuwa inakoroga! Kila raundi ilirudisha karata zote na kuzichanganya upya. Hesabu ya barazani ilikuwa ya pakiti inayopungua, na ile ya mashine haikupungua hata siku moja. Na mimi nilikuwa na ushahidi mkononi, maana pakiti haina wafalme watano.

Jumamosi nikarudi mjini. Chumba kile kilikuwa kinauza viatu vya mitumba. Fundi cherehani wa mlango wa pili akaniangalia sana.

"Ni wewe uliyehesabu wafalme? Mwalimu alikungoja wiki mbili kabla ya kuhama. Alisema wengi wameshindwa hapo, lakini wewe ulijua umeona wangapi. Alikuwa akupe kiti."

Hakujua mwalimu alihamia wapi. Nimezunguka miji mingi tangu siku hiyo, na mengi nimejifunza njiani, lakini lile la kompyuta nilijifunza nikiwa na mvi.

Basi nakuambia, mwanangu. Kabla hujapiga hesabu, uliza kama kilichotoka kinabaki nje au kinarudishwa ndani. Hesabu yako ikikataliwa na kitu ulichokiona kwa macho yako, usikiite kitu hicho mwizi. Hapo ndipo penye somo. Na aliye tayari kukueleza akikwambia keti, keti, hata kama wenzako wanakucheka.

Mungu akubariki, akulinde uendako, na akukutanishe na watu wasiochoka kujibu maswali yako.