Kanga ya Mama Zuhura kwenye Picha ya Kliniki

Mpaka leo nikipita Kaloleni na mtu akaniita "mwalimu wa vifuniko", nainamisha uso najifanya natafuta kitu mkobani, maana aibu ile haijanitoka, na sasa nimezeeka na nimechoka kuikimbia, basi heri niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wenye kuongeza chumvi.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa msaidizi kwenye kliniki ndogo ya akina mama, kazi yangu kuwaeleza habari za kupanga uzazi, hasa kile kifuniko cha mpira kinachowekwa ndani pamoja na dawa. Kukieleza hakukuwa na tabu. Tabu ilikuwa swali moja: "Kinazuia kweli?" Ukijibu ndiyo, umedanganya, kwa kuwa wapo wachache wanaoshika mimba hata wakikitumia vizuri, ukijibu si sana, wanachukua vikapu vyao wanaondoka. Basi Bibi Mganga (Mzungu, mtu mwema, asiye na subira) akanipa picha ya Ulaya yenye safu ya wanawake wembamba wamevaa kofia, mmoja ana tumbo, niwaonyeshe kwamba wengi husalimika na mmoja hunaswa. Wanawake wakatazama kofia tu.

Nikaamua, kwa akili yangu hii hii, tuchore wanawake wetu. Nikamwita fundi Saidi, mchoraji wa mabango ya maduka ya Wahindi. Akauliza awavalishe nini. Siku hiyo nilikuwa hoi, watoto wananililia, nikamwonyesha kamba ya nguo pale uani kwenye nyumba tuliyopanga, nikamwambia, "Kanga si hizo? Nakili."

Fundi yule hakuwa mtu wa kulipua kazi. Alinakili kila ua, kila pindo.

Siku ya somo nikatundika picha, chumba kimejaa, nikagusa kwa fimbo yule mwenye tumbo, nikasema kwa sauti ya kisomi, "Huyu ndiye amenaswa." Sauti ikatoka nyuma: "Jamani, ile si kanga ya Mama Zuhura?"

Ilikuwa yake. Kaloleni nzima hakuna mwingine aliyekuwa nayo; mumewe, aliyefanya kazi bandarini Mombasa, ndiye aliyemtumia kanga hiyo, na mume mwenyewe hajakanyaga Arusha tangu masika ya mwaka uliotangulia. Mama Zuhura, jirani yangu wa chumba cha pili, alikuwa benchi la mbele, na kando yake mama mkwe wake.

"Kumbe hata kliniki wanajua," akasema yule mama mkwe taratibu, akainuka anajitanda. "Mwanangu ataandikiwa leo leo."

"Mama, haki ya Mungu sina kitu!" Mama Zuhura analia. Nikaeleza kwamba ni mchoro tu, kwamba fundi alinakili nguo zilizoanikwa, lakini nani ananisikiliza? Nikaona ndoa ya mtu inavunjika kwa uvivu wangu, nikaogopa kweli, na mdomo ukafunguka wenyewe: "Kanga niliiazima mimi! Aliyechorwa ni mimi! Mwenye mimba ni mimi!"

Mama mkwe akaketi. Mama Zuhura akapumua. Nami sijameza mate, mmoja akauliza, "Na wewe mwalimu si ulisema unatumia hichohicho kifuniko?" (Nilikuwa nimejisifia wiki iliyopita.) Wakatazamana. Wakachukua vikapu.

Habari ikapanda mlimani, usiniulize kwa miguu ya nani. Kesho yake mama mkwe wangu, Mmeru wa huko juu, akashuka na kibuyu cha loshoro, yale mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nilipojifungua binti wa pili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kula, safari hii ni wa kiume."

Nikala kidogo, kisha nikamwambia tu kwamba sina mimba.

Alinitazama sana. "Huna? Na kwa nini huna?"

Swali hilo, jamani, sikuwa na picha yake. Tulikaa hatusalimiani mpaka mahindi yakavunwa.

Niliapa sichori tena mtu. Nikaanza kufundisha kwa maharage, meupe tele kwenye ungo na jekundu moja, na kwa muda mrefu niliyafundisha mabenchi matupu. Wa kwanza kurudi alikuwa Mama Zuhura, mumewe anakuja likizo. Akaliokota lile jekundu, akaligeuzageuza.

"Hili ni nani?"

"Ni haragwe, Mama Zuhura."

"Una hakika?"