Njia Aliyoichagua Hénock

Hénock ni mtu wa kuudhi, na ninasema hivyo kwa mapenzi. Ukimwuliza njia ipi ni bora kwa gari kutoka hapa Johannesburg hadi Lubumbashi, hakujibu. Anakuangalia, anakaza tai yake, halafu anakuuliza yeye: "Nani atachoka wa kwanza?" Umekwenda kwake na swali moja, unarudi na mawili.

Wengine wote hapa Yeoville, mtaani kwetu, wana majibu tele. Njia kuu ni mbili. Ya kwanza unapanda kaskazini hadi Beitbridge, unaikata Zimbabwe katikati, unateremka mlima wa Makuti, unavuka Zambezi pale Chirundu. Ya pili unaingia Botswana, unapita Francistown hadi Kazungula, ambako wakati wa safari ninayoisimulia daraja lilikuwa bado linajengwa na magari yalivushwa kwa pantoni. Zote zinakutana Zambia kabla hujafika Lusaka, na kuanzia hapo hadi mpaka wa Kasumbalesa hakuna tena cha kubishania. Lakini kabla ya hapo watu wanabishana mpaka povu linawatoka. Nina saluni, nimeyaona. Nimeona wanawake wamesukwa nusu kichwa wakanyanyuka vitini kwa ajili ya Beitbridge. Wafanyabiashara wanasema Beitbridge ni karibu. Wenye watoto na wazee wanasema Botswana, lami haina mashimo na foleni za mpakani si za kuua mtu.

Hénock alikuwa upande wa hao wa pili, hasa kwa wazee. Alizaliwa Likasi, akaja huku kijana, na kwa miaka mingi alilinda magari kwenye maegesho ya maduka kule Randburg, mvua yake, jua lake. Anasema pale ndipo alipojifunza kutazama watu, kwa sababu mlinzi wa magari hana kazi nyingine. Baadaye alipata Hiace nyeupe akaanza kuwapeleka watu nyumbani. Anaendesha amevaa tai, hata kwenye joto la bonde la Zambezi. Kwaya ya kanisani kwetu anaimba sauti ya tatu, na kwa nini hawajamwondoa mpaka leo anajua Mungu peke yake.

Akishajua nani atachoka wa kwanza, anamchukua mtu huyo Jumapili baada ya ibada, anamkalisha mbele, anamzungusha mjini. Nimemwona akimzungusha mama aliyejifungua juzi, na mzee mwenye mgongo mbovu. Mara moja alimzungusha bwana harusi, jitu zima lenye afya, watu wakacheka. Hénock alisema bwana harusi ndiye atakayemaliza safari nzima akiuliza tumebakiza kilomita ngapi. Njia anaichagua baada ya mzunguko huo, si kabla. Kwa hiyo anakwambia uombe viza za njia zote mbili, na wewe unaomba huku unanung'unika.

Mwaka 2018 zamu ilitufikia sisi. Mama Hélène, mama yake mume wangu Placide, alitaka kurudi Likasi kukaa na dada yake. Miguu ilikuwa inavimba na moyo wake ulikuwa wa kubembeleza. Daktari alikataa asipande ndege. Placide hakulala vizuri kwa majuma, hofu yake ni kwamba mama atatufia njiani. Hénock alipouliza swali lake, hapakuwa na haja ya kufikiri. Atakayechoka wa kwanza ni Mama Hélène. Na njia tuliijua pia, ni Botswana, tulikuwa tunamsubiri tu yeye aitamke.

Jumapili ile nilikaa kiti cha nyuma. Tulipita katikati ya mji, wachuuzi wamepanga soksi na nyanya mpaka barabarani, halafu tukashika barabara kuu kuelekea Randburg. Hénock hakumwuliza mama habari za miguu wala dawa. Alimwuliza tu alikujaje Johannesburg zamani zile. Mama akasema alikuja kwa lori. Kwenye mashimo hakushtuka. Kwenye kona hakushika popote. Lakini tuliposimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, lori refu lenye turubai likaja likasimama ubavuni mwetu, nikaona mkono wake umekamata mkanda wa kiti kwa nguvu.

Hénock aliona pia. Taa iliwaka kijani, akaendesha polepole. Mimi ningeuliza papo hapo, ndivyo nilivyoumbwa. Yeye aliacha ukimya ukae nasi mle garini mpaka mama mwenyewe akaona hauvumiliki.

"Ile mulima ya Makuti," mama akasema kwa Kiswahili chake cha Likasi, macho kwenye lile lori lililotutangulia, "makamyo ingali inapitaka pale?"

"Ingali inapitaka, mama."

"Niliachaka mutoto kule."

Aliyasimulia yote huku anatazama mbele. Placide alikuwa na miaka minne, moyo wake una tundu, na baba yake aliyekuwa tayari huku alikuwa amepata hospitali ya kumpasua. Mama akapanda lori la mizigo na watoto wawili, Placide na mdogo wake wa kike, Gaëlle, aliyekuwa bado ananyonya. Homa ilimshika mtoto njiani, na walipokwisha kuupanda mlima wa Makuti akafa. Palikuwa na misheni ndogo kando ya barabara, wakamzika pale, na dereva wa lori hakuweza kungoja. Placide alipasuliwa, akapona, akakua akijua kwamba dada yake alifia nyumbani Likasi kabla ya safari.

"Ni juu ya Placide tulitokaka," mama akasema. "Sipendi afikiri yeye njo alimuua dada yake. Musimuambie. Mi minataka tu kupita pale. Nimusalimie, basi."

Nililia kule nyuma, na sioni aibu kusema. Miaka yote niliyoishi naye, nikimsuka nywele kila juma, sikuwahi kuhisi. Hénock aliendesha hadi Randburg, akazunguka yale maegesho ya zamani, akaturudisha Yeoville. Mlangoni alimshusha mama kwa mikono miwili.

"Tutapita kule, mama," akasema. "Na mi sitasema kitu."

Jioni Placide alikuja saluni kusikia jibu. Hénock alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, akamwambia ni Beitbridge. Placide alidhani anataniwa. Alipoona hakuna utani, alianza kwa heshima, kwa sababu Hénock ni mkubwa kwake, lakini heshima ilimwishia haraka. Akamtajia malori, mashimo, mlango wa Beitbridge watu wanaposimama juani nusu siku. Akamwambia kama ni tamaa ya kufika upesi apate abiria wengine, aseme.

"Papa Hénock, we njo ulitufundisha, bazee banapita Botswana. Leo kunapita nini?"

"Leo tutapita Beitbridge."

"Juu ya nini?"

"Juu mi njo nitaendesha," Hénock akasema, akachukua funguo zake.

Hapo nilitaka kupasuka. Mtu ambaye ana sababu ya kila kitu, ambaye angekueleza dakika kumi kwa nini anajaza upepo tairi la nyuma kwanza, alikubali kuonekana kichwa maji mbele ya wateja wangu. Habari ilitembea. Kanisani waliulizana Hénock amepatwa na nini hata ampitishe mgonjwa Beitbridge. Familia moja iliyokuwa imepanga kusafiri naye ikatafuta dereva mwingine. Yeye alikuja kwaya kama kawaida, akaimba vibaya kama kawaida. Mama aliniapisha, na Placide alipokuwa anamsema Hénock nyumbani, niliosha vyombo kwa kelele ili nisijibu.

Tuliondoka alfajiri, kipindi cha baridi. Placide alikuwa amepiga simu kwa kila dereva anayemjua atafute mwingine, hakupata. Beitbridge foleni ilikuwa kama walivyosema. Hénock alitoa kiti cha plastiki nyuma ya gari, akamkalisha mama, na kila foleni iliposogea alimsogeza na kiti chake, mpaka waliokuwa mbele wakaona haya wakampisha. Alisimama kila mama alipotaka, na mara nyingine kabla hajataka. Pale lami ilipoharibika alitambaa, malori yakatupigia honi, akayaacha yapite. Kwa kweli ile njia mbaya aliiendesha mpaka ikawa nzuri. Placide aliona, ila alikuwa bado amenuna.

Tulipoiacha Karoi nyuma, mama alikaa wima. Kabla ya Makuti, Hénock alitazama saa ya joto la injini, akatikisa kichwa, akasema gari linataka kupumzika. Akakata kushoto kwenye geti la misheni, akafungua boneti. Saa ya joto mimi niliiona. Gari lilikuwa zima.

Nilimshika mama mkono tukazunguka nyuma ya kanisa. Makaburi yalikuwepo, kwenye kona yenye tangi la maji, kama alivyokumbuka. Lakini msalaba wa miti hauishi miaka yote hiyo. Palikuwa na vichuguu vidogo kadhaa vya watoto, vimeota nyasi, havina majina. Mama alisimama akavitazama kimoja kimoja, na mimi nikasema moyoni, ee Mungu, tumekuja bure.

"Haizuru," mama akasema. "Nitasalimia bote. Mumoja ni wangu."

Akapiga magoti kwa kile cha kwanza, na miguu yake ile, akaweka kiganja juu ya udongo, akamwita Gaëlle. Nikamnyanyua. Akaenda cha pili, akamwita Gaëlle. Tulikuwa kwenye cha mwisho niliposikia viatu nyuma yetu. Placide alikuwa amechoka kungoja gari lipoe, amekuja kutuita, na alikuwa amesimama hapo kitambo.

"Mama, Gaëlle gani?" akauliza.

Ningeweza kubuni kitu, uongo mdogo haunishindi. Lakini mama alimtazama mwanawe, mwanaume mzima, akapiga mkono kwenye nyasi kando yake kumwambia akae. Mimi nikawaacha. Niliangalia nyuma mara moja tu, nikaona Placide ameshika kifua mahali penye kovu la upasuaji, na mama ameuweka mkono wake juu ya ule wa mwanawe.

Hénock alikuwa bado kwenye boneti, anamimina maji kwenye rejeta iliyojaa, yanamwagikia chini. Tai imenyooka. Nilimwambia Placide anajua sasa. Akafunga chupa.

Walikuja baada ya muda mrefu, Placide akimshika mama kiunoni, macho mekundu. Alimpandisha garini, akamfunika miguu na kitenge. Halafu akaja mbele. Nilidhani ataomba msamaha, na ninamjua mume wangu, maneno hayo humkwama kooni. Alisimama kando ya Hénock, wote wawili wanatazama injini isiyo na ubaya wowote.

"Papa Hénock," akasema mwishowe, "kama tukirudi Johannesburg, mama atabaki Likasi. Tutapita njia gani?"

"Nani atachoka wa kwanza?"

Placide alitazama kule kwenye tangi la maji.

"Njo mi."

"Basi tutapita hapa," Hénock akasema, akafunga boneti.