Mshitaki wa Barabara ya Kishushe

Uamini usiamini, mimi sina haja. Mimi si mtu wa kuota. Niliacha shule darasa la nne, nikaanza kuuza maji Voi kwa mkokoteni, na leo lile lori la maji unaloliona likielekea ranchi za Kishushe ni langu, na la nyuma yake pia ni langu. Mtu wa namna hiyo hababaiki na vivuli. Tena haya hayakutokea usiku. Ilikuwa saa saba mchana, jua la kuchoma mgongo.

Siku hiyo nilikuwa nimemwaga maji Kishushe, nikakata kwenda kwetu Ronge. Kaka yangu mkubwa, Mwakio, alikuwa ameniita mara ya tatu. Tulikuwa hatusemezani tangu mazishi ya baba, kwa sababu alisimama mbele ya watu akasema mali yangu imetoka kwa majini. Sasa figo zilikuwa zimemshinda, na alitaka tutase kabla hajafa. Kwetu Wataita kutasa si jambo kubwa. Unajaza maji kinywani, unayatema chini kama manyunyu, unasema hasira yangu kwa huyu na itoke. Wa pili naye anatema. Imekwisha. Lakini mmoja asipotema, hasira inabaki bomani hata mwenyewe akizikwa.

Nilikuwa nimeshalainika, nakuambia ukweli. Ndipo nikamwona mtu kando ya barabara, mahali pasipo na nyumba wala ng'ombe. Shati jeupe, viatu havina hata chembe ya vumbi, Biblia kwapani. Nikamsimamishia lori. Akapanda bila salamu. Nikampa chupa ya maji, akaisukuma kwa kidole kimoja kama mtu anayesukuma mavi ya mbuzi.

Sasa sikiliza. Huyo mtu hakunidanganya hata neno moja. Hilo ndilo linalonitesa. Alijua maneno ya Mwakio pale kaburini, alijua ni nani waliocheka, alijua shemeji yangu, mke wa Mwakio, alivyojiziba mdomo kwa leso. Akanikumbusha na mengine ya utotoni niliyokuwa nimesahau, moja baada ya lingine, kwa upole, kama karani wa korti anayesoma mashtaka. Kisha akafungua Biblia.

"Mpendwa, wewe umeokoka," akasema. "Huko kutasa ni meza ya mapepo. Utakula meza mbili?"

Nikafurahi. Kwa nini nisifurahi? Nilikuwa nimepewa sababu takatifu ya kumchukia ndugu yangu.

Tulipofika, Mwakio alikuwa ameketishwa nje, miguu imevimba. Hakunitukana. Alipokea kikombe kwa mkewe, akatema, akasema hasira na itoke, kisha akaninyooshea mimi. Nikamwambia nimeokoka, sitemi mate kwa mapepo. Nikamwambia na ya kaburini, na ya utotoni, kwa mpango ule ule niliofundishwa ndani ya lori.

Kaka akanitazama. "Tajiri, hayo maneno si yako. Wewe hujui kupanga maneno hivyo. Nani amekupa?"

Nikamwonyesha mgeni, aliyekuwa amesimama langoni. Mwakio, na ugonjwa wake wote, akacheka kidogo. "Mchungaji, karibu. Hapa hatuna mtazamaji. Kama unatutakia mema, tema na wewe."

Shemeji akampelekea kikombe. Mgeni alinitazama kwa chuki ambayo sijaiona kwa binadamu, na mimi nimechukiwa na wengi. Akaweka maji kinywani. Niamini, tulisikia chwaa, kama maji kwenye kikaango cha moto. Akatema. Kilichotoka ni vumbi. Vumbi jekundu la Kishushe, kavu kabisa, likamwagika juu ya vile viatu visafi.

Akajifuta mdomo. "Hata hivyo," akaniambia, "alisema mali yako imetoka kwa majini." Akatoka langoni. Shemeji alikimbia kuchungulia. Barabara yote ilikuwa tupu.

"Tema, ndugu yangu," Mwakio akasema. "Tema sasa hivi."

Nikachukua kikombe, nikajaza kinywa. Na hapa ndipo aibu yangu ilipo. Lile neno la majini lilikuwa limenichoma upya, mbele ya shemeji, mimi mwenye malori mawili. Nikameza. Kaka aliona koo langu likipanda na kushuka. Akageuza uso.

Hakumaliza wiki. Nimemjengea kaburi la vigae, hakuna lingine kama hilo Ronge nzima. Kila mwezi naenda kutema maji pale. Shemeji hunitazama kutoka jikoni, hanikaribishi chai. Wazee wanasema mtu hawezi kutasa na aliyekwisha kufa; ninamwagilia nyasi tu.

Mhubiri wetu Voi alinieleza kwamba jina Shetani maana yake ni mshitaki. Kwamba yeye na malaika wenzake walianguka lakini Maandiko hawakuyasahau. Kwamba pepo mchafu huzunguka mahali pakavu akitafuta pa kupumzika. Mimi nilikuwa nikingoja pembe na mkia. Nikaletewa mtu nadhifu mwenye ukweli mtupu, na ndani ya ukweli wote ule hakuwa na neno moja la kumtetea ndugu yangu.

Basi wewe unayejiona mwerevu, usije ukasema hukuambiwa. Ndugu yako akikunyooshea kikombe, tema kwanza. Maandiko utauliza baadaye.