Kompyuta Isiyojua Kuuliza

Jumapili yangu ya kwanza kijijini Kerende, mama mwenye nyumba wangu alinitembeza sokoni, nami nilinuna njia nzima. Mimi mtu wa Kilwa, mtu mzima, mwalimu wa serikali. Kwetu mgeni huuliza, akajibiwa, maisha yakaendelea. Yeye alinisimamisha kwa muuza nyama, kwa mama wa maziwa, kwa vijana wa bodaboda, na kote alisema maneno yale yale: "Huyu ni mwalimu wangu. Anakaa kwangu." Nilitabasamu kama bwana harusi aliyelazimishwa.

Miaka ikapita, shule yetu ikapata kompyuta mpya. Zile za zamani, makabati mazito ya mezani, zilikuwa zimeuawa moja moja na umeme wa kukatika-katika. Mpya zilikuwa vibao vidogo vya kutosha kiganjani, vinavyotumia umeme wa jua. Nilifurahi kupita kiasi, mpaka mkuu wa shule akanipoza: wazazi wanakutana Ijumaa, na wengi wanataka chumba cha kompyuta kiwe stoo ya mahindi ya chakula cha wanafunzi. Wasipoona kitu kinawaka, chumba kimekwenda, na somo langu limekwenda nacho.

Nikachomoa diski ya kompyuta ya zamani, nikaiunganisha na kibao. Giza.

Lilikuwa kosa la mazoea. Kompyuta ya zamani ina programu ndogo iliyofungwa kwenye ubao wake mkuu. Ukiiwasha, hiyo ndiyo huamka kwanza; inapita huku na huku ikiuliza nani yupo, kibodi wapi, diski wapi, skrini wapi, halafu inaukabidhi mfumo endeshi kazi. Hilo nimelifundisha mpaka naweza kulisema usingizini. Lakini prosesa ya kibao ni ya ukoo mwingine kabisa. Haielewi hata neno moja la mfumo ulioandikwa kwa ajili ya ile ya zamani, na sehemu kubwa ya programu zake za kuamkia hukaa kwenye kadi ya kumbukumbu. Nikatafuta mfumo wa ukoo wake, nikauweka kwenye kadi. Kibao kikawasha taa nyekundu, kikanikodolea. Skrini nyeusi.

Jumatano nilirudi nyumbani nimevimba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mura," ndivyo alivyoniita, yaani kijana kwa lugha ya kwao, "hebu sikia! Shemeji yangu kaniletea kuku, kawapeleka Nyakunguru!"

Nyakunguru ni kijiji alichokaa mama kabla ya Kerende. Alishahama zamani, lakini huyo shemeji alielekezwa na mtu asiyejua.

"Kafika, kapiga hodi, kawaacha kuku wangu kwa watu, karudi zake. Hata kuuliza hakuuliza!"

Nilicheka mpaka akanikasirikia. Kisha kicheko kikakatika chenyewe. Kibao changu nacho hakiulizi. Sehemu zake nyingi hazijitaji. Ni lazima kwenye kadi kuwe na faili la maelezo, kwamba skrini iko hapa, waya huu unakwenda pale. Na faili nililoweka lilikuwa la toleo la nyuma la kibao hicho. Nilikuwa nimekielekeza Nyakunguru.

Kesho yake nikapanda bodaboda hadi mjini Bomani kwenye mtandao wa uhakika, nikapata maelezo ya toleo lenyewe. Jioni maandishi yakaanza kushuka kwenye skrini, nikapiga kelele peke yangu.

Ijumaa kibao kikawaka mbele ya wazazi. Wakasogea, watoto wao wakawaonyesha. Mzee mmoja hakuridhika.

"Na huyu mtu wa pwani akihama kesho, nani atawasha? Si tutabaki na vibao tu?"

Swali lilinichoma, maana ombi langu la uhamisho lilikuwa tayari kwa mkuu, na aliyejua ni yeye na mimi tu. Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka benchi la nyuma.

"Huyu ni mwalimu wangu. Anakaa kwangu."

Mzee akaketi. Mahindi yakatafutiwa pengine. Miaka yote ile nilidhani milango ya Kerende ilinifungukia kwa sababu ya ucheshi wangu, kumbe kuna mtu alinitangulia kila mlangoni, nami sikuwahi kumwambia ahsante.

Wazazi walipotawanyika nikamwambia, akanijibu nisimcheleweshe, anafuata kuku wake. Halafu nikaenda ofisini kwa mkuu, nikamwomba anirudishie ombi langu.